Wewe Ni Nani Wake?

6 Februari

Mpishi wangu,

Nimefika salama, ila usalama wenyewe ni wa miguu tu. Kaka alinipokea kituoni. Miaka kumi na tano hatujaonana, na njia nzima nilikuwa nikijiuliza kama atanikumbatia au atanipa mkono. Hakufanya hata moja. Alichukua begi langu akalitia garini, kisha akasimama mbele ya mlango bila kunifungulia.

"Kabla hujapanda," akasema, "kuna neno. Mtoto hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui kwamba upo."

Binti yangu aliambiwa kwamba mimi na baba yake tulikufa siku moja, ajali ya barabarani, yeye akiwa na miaka minne. Ndiyo maana walihamia mji huu, ambako hakuna anayejua habari zetu. Sasa ana miaka kumi na tisa. Nami nimeitwa kumuuguza Mama kwa sharti moja: nijifanye muuguzi wa kuajiriwa. Si mtoto wa nyumba hii, wala si mama wa mtu. Nikikataa, basi la kurudi liko palepale. Nikikubali, nitamwona.

Nilikubali. Usinihukumu kabla hujalala juu yake.

Ni yeye aliyetufungulia mlango. Ni mrefu. Akitembea anatanguliza bega la kushoto, kama mimi. "Karibu dada, pole na safari," akasema, akanipokea begi. Nikasema asante, kama mgeni aliyepewa kiti.

Mama yuko chumba cha nyuma. Upande wake wa kulia umekufa ganzi tangu alipoanguka, lakini ulimi ni mzima. Ila kwangu haufunguki. Nikiingia anageukia ukutani.

Simu ya hapa iko sebuleni, na sebule hii ina masikio. Niandikie kupitia muuza dawa wa mtaani, anuani nimeiweka nyuma ya bahasha. Na ndani ujifanye mteja wangu, maana Kaka hufungua kila kinachoingia kwake.

Msalimie mzee wetu, Babu Redio. Usimwache atoke bila sweta.

Fundi

17 Februari

Fundi mpendwa,

Mimi mteja wako wa gauni la bluu nakusalimu. Nimecheka peke yangu pale kantini mpaka muuza mboga akaniuliza nimekunywa nini. Mteja! Miaka sita nakupikia, nakufulia, nakukuna mgongo pale mkono wako usipofika, leo nimekuwa mteja. Haya. Mteja ni mfalme, na mfalme anauliza: hao wenyeji wako umewaambia unaishi na nani? Hukuandika. Nimeipekua barua yako kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki.

Kile kitambaa cha thamani ulichokiona huko, nimekilalia siku tatu kama ulivyoniambia. Sikuhukumu. Mtu aliyekaa kiu miaka kumi na tano haulizi kikombe ni cha nani.

Hapa ni palepale. Babu Redio amehamia mezani pako na makopo yake ya skrubu. Anasema vidole vyake vifupi vinataka mwanga wa dirisha lako, kwa sababu ya ukoma. Nikamwambia, "Babu, ukoma ulipona miaka ishirini iliyopita, uvivu ndio haujapona." Akacheka mpaka akakohoa. Juzi mtu alileta redio, akamwuliza mimi ni nani. Babu akasema, "Mwanangu mkubwa. Mdogo amesafiri." Halafu akainama kutafuta skrubu ambayo haikuanguka.

Anasema niongeze haya: mgonjwa anayekunyamazia bado anakusikia. Ongea naye tu, hata kwa hasira.

Mteja wako, ambaye gauni lenyewe hajaliona

28 Februari

Mpishi wangu,

Swali lako nimeliona. Nitalijibu tukionana.

Nimefuata ushauri wa Babu. Nikimwogesha Mama namweleza ninachofanya: sasa nainua mkono, sasa nafuta shingo. Bado ananipa kisogo. Lakini jana niliponyamaza, alikohoa kidogo, kama mtu anayesema endelea.

Binti huja kukaa nasi akitoka chuoni. Anasomea upimaji wa ardhi. Jana alinikuta narekebisha pindo la shuka la Mama. Akachukua sindano, akakaa chini, akajaribu kwa uzi mrefu mno.

"Uzi mrefu ni wa mvivu," nikamwambia. "Kata, uanze upya."

"Nani alikufundisha?"

"Bibi mmoja." Na huyo bibi amelala pale pale, Mpishi, anatusikia wote wawili.

Akakata, akashona. Halafu akasema, bila kuinua macho, "Mama yangu alikuwa fundi. Nakumbuka mlio wa cherehani tu. Uso siukumbuki. Hapa hakuna hata picha."

Nilisema natoka kumwaga maji. Beseni lilikuwa tupu. Nililijaza uani, nikalimwaga, ndipo nikarudi ndani.

Kuna jambo Kaka ameniambia. Bado nalitafuna. Wewe kula vizuri, maana najua ukipikia watu mia unasahau tumbo lako.

Fundi

12 Machi

Fundi,

Naandika haraka, sufuria ziko motoni.

Kuanzia sasa nitumie barua kwa anuani ya kantini. Posta ya mtaani wamekuwa wavivu. Na tumepanga vitu upya kidogo, usishangae ukisikia.

Nilikutana bombani na mtu wa zamani. Askari wa kike wa gerezani, yule mwenye sauti kama tarumbeta. Amehamia nyumba ya tatu kutoka kwetu. Akaniona na ndoo kichwani, akaita mbele ya mtaa mzima, "Mia nne kumi na mbili! Kumbe umenenepa!" Nikamjibu, "Chakula chenu ndicho kilichokuwa kinanikondesha." Watu walicheka. Baadaye waliacha kucheka, lakini hiyo ni hadithi ndefu.

Babu hana la kuongeza leo. Amelala.

Mteja

24 Machi

Mpishi wangu,

Mama amesema nami.

Nilikuwa namgeuza asipate vidonda, akasema, "Mikono yako ina baridi." Siku arobaini na sita, na hayo ndiyo maneno. Nikaenda kuipasha kwenye maji moto, nikarudi.

"Nani anakupikia?" akaniuliza.

"Najipikia, Mama."

"Mwongo. Mtu anayejipikia hawi na mashavu hayo."

Akaniangalia, mara ya kwanza tangu nije.

"Huyo anayekupikia anajua kwamba ulimpiga mumeo kwa pasi akafa?"

"Anajua."

"Na bado anakupikia?"

"Bado, Mama."

Akafumba macho. "Basi," akasema. Hilo tu. Lakini tangu siku hiyo nikiingia hageukii ukutani.

Sasa jambo la Kaka. Anasema Mama akiondoka, chumba cha nyuma ni changu. Nishone humo, niwaone watu, nimwone binti kila siku ya maisha yangu. Alimradi ulimi wangu ukae nyuma ya meno, nibaki "dada muuguzi" hadi kufa. Sijamjibu. Kumwacha binti tena siwezi. Wala kukuacha wewe siwezi. Niambie nimwambie nini.

Na mbona kantini? Mbona Babu hakusema kitu safari hii? Kama mmenikasirikia, nigombezeni. Kunyamaziwa nimechoka, na Mama ameshaacha, msianze ninyi.

Fundi

2 Aprili

Fundi,

Umeuliza umwambie nini. Mwambie ndiyo.

Kaa na mwanao. Miaka yote hii umemlilia na uso kwenye mto ukidhani nimelala, na mimi nilikuwa macho, sijui niuweke wapi mkono wangu. Mungu amekurudishia mlango, na wewe unasimama kizingitini kwa sababu ya mpishi wa kantini? Ingia. Leo utakuwa muuguzi. Kesho au mwakani utapata ujasiri, utamwambia kwamba wewe ndiye mama yake, hukufa, na atakuwa ameshakuzoea.

Wanasema damu nzito kuliko maji. Mimi nimepika maisha yangu yote na sijaona sufuria iliyochemshwa kwa damu. Lakini wengi wanasema hivyo, labda wanajua.

Hapa mambo ni shwari. Babu hasumbuliwi tena na kifua. Nafasi yako tumeizoea. Kitanda cha mtu mmoja kina raha yake, unajigeuza unavyotaka.

Usijibu barua hii. Ukijibu nitalainika, na sitaki.

Mpishi

14 Aprili

Kwako unayejiita Mpishi,

Samahani, nimefungua barua isiyo yangu. Bibi yetu alifariki tarehe tisa. Leo nilikwenda kurudisha dawa zilizobaki, muuza dawa akanipa bahasha. "Hii ni ya muuguzi wenu," akasema, "wiki nzima hajapita." Muuguzi wetu tangu msiba hasemi, hali, anaosha tu vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Nilitaka kujua kama ana kwao pa kurudi. Ndiyo maana nilifungua.

Nimeisoma mara sita. Unamwambia akae na mwanawe. Katika nyumba hii hakuna mwana wa mtu mwingine ila mimi.

Nilimwuliza mjomba, kwa mbali tu, kama muuguzi aliwahi kuzaa. Akaniambia nisisome barua za watu. Mimi sikuwa nimemwambia habari ya barua yoyote.

Kila mwaka tunasafiri kupalilia kaburi la baba. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nauliza la mama liko wapi, wakasema walizikwa pamoja. Kaburi lenyewe ni jembamba. Mimi nasomea kupima ardhi, najua kaburi la watu wawili linavyokuwa.

Sikujui. Hujanikosea kitu. Ndiyo maana nakuuliza wewe, kwa sababu hapa kila mtu ana sababu ya kunidanganya. Huyu mwanamke ni nani wangu? Na wewe ni nani wake?

Mjukuu wa marehemu

21 Aprili

Mwanangu,

Nakuita hivyo kwa umri tu, usiogope.

Poleni na msiba. Nimekaa na barua yako mfukoni mwa aproni siku nne, mpaka imenuka vitunguu. Ningekuwa mtu mwerevu ningekuandikia kwamba ni makosa ya posta. Lakini nimeona matokeo ya watu kukuonea huruma kwa uongo.

Swali lako la kwanza lina mtu mmoja mwenye haki ya kulijibu, na unaye hapo nyumbani anaosha vyombo. Mwendee. Mpe maji kwanza. Keti chini, usimsimamie, maana alisimamiwa na watu wengi wakati anaulizwa maswali. Umwache amalize, hata pale utakapotaka kuziba masikio. Ukishasikia, una haki ya hasira yako yote.

La pili ni langu. Tulikutana gerezani. Mimi nilifungwa kwa kupika kitu ambacho si chakula, pombe, mara ya tatu. Yeye alikuwa na kifungo cha miaka tisa. Alikuwa anashona sare za wafungwa, na yangu aliikata vizuri mpaka wenzangu wakaona wivu. Nilitangulia kutoka. Siku yake ilipofika nilikwenda kusimama getini, tangu asubuhi mpaka saa tisa, maana nilijua hakuna mwingine. Alitoka na mfuko wa karatasi. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaniona. Tangu hapo hatujaachana. Watu wanatuita ndugu, wengine wanatuita vingine. Mimi najua tu kwamba nikionja chumvi, namwonjea yeye.

Sasa nitakuambia yale niliyomficha, nawe nakuomba umfichie kidogo, mpaka apate nguvu. Tulikuwa na baba. Si wa kuzaliwa. Fundi wa redio, mzee ambaye watoto wake walimtupa siku walipoona madoa ya ukoma, na hata alipopona hawakurudi. Alikaa nasi miaka mitano. Mwezi wa tatu mtaa wetu uligundua kwamba mimi na mama — nataka kusema fundi — tulikuwa wafungwa. Mwenye nyumba alikuja na viongozi wa mtaa. "Wanawake wawili wametoka jela, kitanda kimoja, na mzee wa ukoma. Hapa kuna watoto." Tulipewa siku mbili. Mzee alikuwa anakohoa tayari, na siku ya kuhama ilinyesha. Alilazwa. Mimi nikahamia stoo ya kantini, kati ya magunia.

Alikufa tarehe kumi na tisa ya mwezi huohuo. Nilikwenda na nguo zake safi, karani akaniuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Mwanawe."

Akatazama daftari. "Wanawe ni wawili, wote wanaume. Wamekuja asubuhi na gari."

"Hao hawajamwona miaka ishirini."

"Mama, mimi nasoma kilichoandikwa."

Sikujua walikomzika mpaka wiki iliyopita. Ndiyo maana nilimwandikia akae huko. Sina nyumba ya kumrudisha, na baba yetu hayupo. Sikutaka achague kati ya mwanawe na gunia la mchele.

Mpishi

3 Mei

Mpishi,

Nimesoma barua zako zote mbili, ile yangu na ile yake. Binti alikuja nazo mkononi, na glasi ya maji. Akakaa chini sakafuni. "Nimeambiwa nikupe maji kwanza," akasema. Nikajua.

Nilisema yote. Miaka ya kipigo niliipitia haraka, sikutaka ionekane naomba hukumu nyepesi. Nilimwambia siku yenyewe. Nilikuwa napiga pasi sare za mteja, pasi ya makaa. Baba yake alinishika nywele kwa nyuma, kichwa changu kikagonga ukuta mara mbili, na ya tatu nilizungusha mkono uliokuwa na pasi. Mara moja tu. Nikamwambia, "Na wewe ulikuwa chini ya meza ya kushonea, umeziba masikio."

Akasema, "Miguu ya meza ilikuwa ya chuma. Ya kijani. Nilidhani ni ndoto."

Kaka aliingia kati ya maneno hayo. Akaona barua, akaelewa. Kwanza alinigombeza kwa kuvunja ahadi. Halafu akazichukua akazisoma palepale, na shangazi zetu wawili waliokuja msibani wakasimama mlangoni. "Huyu mpishi ni nani wako?" akauliza.

Mpishi, sasa nakujibu swali lako la Februari. Waliponiuliza siku ya kwanza naishi na nani, nilisema naishi peke yangu. Nilikukana kabla sijavua viatu. Nilijiambia ni kwa ajili ya kumwona mtoto, na ni kweli, lakini pia niliona aibu, na hiyo ndiyo inayoniuma. Mama yangu alijua kwa kuangalia mashavu tu, nami nilikuwa nimeanza kwa kumdanganya akiwa kitandani.

Kwa hiyo safari hii nilisema. "Ni mtu wangu. Alinisubiri getini siku ambayo ninyi hamkuja. Nampenda, na nyumba yangu ni pale alipo."

Shangazi mmoja alishika kichwa. Kaka akasema nina siku tatu, nitoke kabla watu hawajaanza kuuliza. Binti aliinuka. Aliingia chumbani kwake akafunga mlango, na siku zote tatu nimeona sahani yake tu, ikitoka na kuingia. Leo asubuhi nilimwita nje ya mlango kumuaga. Nilisikia kitanda kikilia. Hakufungua. Nimempitishia kikaratasi chini ya mlango: anuani ya kantini anayo, aandike akipenda.

Na wewe! Umemwacha Babu aende bila mimi kujua. Nilikuwa nauliza mbona hasemi kitu, kumbe ni marehemu. Uliandika kwamba hasumbuliwi na kifua. Nimekasirika mpaka nimekosa mahali pa kuiweka hasira. Ulidhani mimi ni yai? Nilikaa jela miaka tisa, Mpishi, ningeweza kukaa na wewe kwenye magunia.

Alhamisi nashuka kituoni. Tutagombana. Nimejiandaa vizuri kabisa, nawe jiandae. Kisha utanipeleka kwa Babu, hata kama wanawe wamezungushia ukuta.

Fundi wako

11 Agosti

Mama Mkubwa,

Nimefuta mara tatu hapo juu. Mwanzo niliandika "Mpishi", nikaona ni kama nakuagiza chakula. Wewe ni mkubwa kwake, kwa hiyo ni Mama Mkubwa. Kama hupendi, sema.

Barua tano za mama nimezipokea chuoni. Sijajibu hata moja, na si kwa sababu sizisomi. Kila nikianza nakwama kwenye salamu. Kwako ni rahisi kidogo, wewe hukuniacha.

Nataka ujue ninavyokuja, asije mtu akajidanganya. Sijamsamehe. Namwonea huruma, na naamini alichosema kuhusu ule ukuta, maana nimeanza kukumbuka zaidi ya meza. Lakini yule alikuwa baba yangu pia. Nimelipalilia kaburi lake miaka kumi na tano, nikimsimulia matokeo ya mitihani. Naomba hapo kwenu asitokee mtu wa kuniambia alikuwa mnyama. Wala mtu wa kuniambia alikuwa mwema. Niacheni nimpime mwenyewe.

Mjomba amesema nikivuka kizingiti kuja kwenu nisirudi. Alisema akiwa analia. Amenilea, Mama Mkubwa. Alinifundisha baiskeli, alikaa nami hospitali nilipovunjika mkono. Amenidanganya kila siku, na amenilea kila siku, na mimi sijui nimkasirikie yupi kati ya hao wawili. Nimemwambia nitarudi, anifungie au asinifungie. Nitagonga.

Mama aliniandikia kwamba mmepata vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli, kwamba mnagombana kila siku kuhusu kifo cha yule mzee, na kwamba wanawe wamekubali mweke jiwe lakini bila majina yenu. Nina vifaa vya chuo. Nikija naweza kupima ile sehemu na kuichora kwenye karatasi, na kwenye karatasi yangu naandika nani ni nani wa nani, na hakuna karani wa kunizuia. Si kitu kikubwa. Ni kitu ninachokiweza.

Nafika tarehe ishirini, basi la mchana. Sijui nitamwita nani. Labda sitamwita chochote siku ya kwanza. Usiniwekee sherehe, usialike mtu, niwekee tu mahali pa kulala peke yangu.

Nilikuwa nimeandika hapa usimwambie kwamba naja, ili nione uso wake kabla hajaupanga. Nimekata. Nimekuzwa kwenye nyumba ya watu wanaopanga nyuso.

Mwambie. Mwambie leo.

Binti yenu